Henderson, daktari ambaye hakutibu mtu lakini alielewa damu yako

Kuna jamaa pale gym hanywi maji ya kawaida kama sisi. Yeye ni ya alkali tu, yale ya chupa ambayo bei yake inakufanya uulize mara mbili. Eti yanatoa asidi kwa damu. Mimi nilinyamaza, lakini nikamkumbuka mzee mmoja wa Marekani mwenye ndevu nyekundu aliyejiuliza swali ambalo huyu jamaa hajawahi kujiuliza: kwani ni nini huzuia damu isigeuke asidi?

Lawrence Joseph Henderson alizaliwa 1878 mjini Lynn, Massachusetts. Akasoma Harvard, na 1902 akatoka na shahada ya udaktari. Hapo mzazi wa Kenya angeshika kichwa, maana kijana hakutaka kabisa kuona wagonjwa. Alienda Strasbourg, wakati huo ikiwa chini ya Ujerumani, akakaa kwenye maabara ya Franz Hofmeister, kisha akarudi Harvard kufundisha na kutafiti kemia ya mwili. Huko ndiko alikozeekea.

Sasa elewa kilichokuwa kinamsumbua. Mwili wako ni kiwanda cha asidi. Chapati uliyokula jana inachomwa ndani na kutoa kaboni dioksidi, na hiyo ikikutana na maji inakuwa asidi ya kaboniki, ileile iliyo kwenye soda. Hii kazi haisimami, usiku na mchana. Bado pH ya damu inayotoka kwa moyo inabaki kati ya 7.35 na 7.45. Ikiteremka hadi 7.0, uko hatarini kufa.

Watu walishajua damu ina bikaboneti, chumvi ya ukoo mmoja na magadi ambayo mama hutia kwa maharagwe yaive haraka. Bikaboneti hudaka asidi. Ikishirikiana na asidi ya kaboniki zinakuwa kile wanakemia wanaita bafa: asidi ikizidi inadakwa, ikipungua inaachiliwa. Mwaka 1908 Henderson aliweka jambo hili kwa hesabu fupi. Alionyesha kwamba kinachoamua asidi ya damu ni uwiano kati ya hizo mbili. Kwa mtu mzima wa afya, ni kama sehemu 20 za bikaboneti kwa moja ya asidi ya kaboniki.

Hapa ndipo stori inanoga. Bafa hufanya kazi vizuri zaidi pande zote mbili zikikaribia kulingana. Ishirini kwa moja ni bafa mbovu, na ukiifungia kwa chupa, itazidiwa haraka. Lakini wewe si chupa. Bikaboneti ikidaka asidi, mwisho wake ni maji na kaboni dioksidi, na hiyo ni gesi, unaitoa kwa pumzi. Mlango uko wazi saa zote. Ukikimbilia matatu halafu ukahema kama mbwa, si oksijeni tu unayotafuta, unatupa asidi nje. Mapafu hurekebisha kwa dakika chache. Figo huja nyuma polepole, saa hadi siku, zikirudisha bikaboneti iliyotumika.

Mwanasayansi wa Denmark, Karl Albert Hasselbalch, aliiandika upya hesabu hiyo kwa kutumia pH mwaka 1916, ndiyo maana majina yao yanatajwa pamoja. Mimi nilikutana nayo chuoni. Niliyakariri majina, nikaanguka mtihani, na baadaye nikaacha chuo kwa sababu zingine kabisa. Hakuna aliyeniambia habari ya ule mlango.

Henderson hakuishia hapo. Alichora chati zilizoonyesha vile oksijeni, kaboni dioksidi na asidi ya damu vinavutana, ukigusa kimoja vyote vinasonga, na 1928 akatoa kitabu kizima kuhusu damu. Mwaka mmoja kabla, alisaidia kuanzisha maabara ya uchovu pale Harvard, ambapo watu walikimbizwa kwenye mashine huku damu yao ikipimwa. Mmoja wao alikuwa Clarence DeMar, aliyeshinda marathon ya Boston mara saba. Asidi ya laktiki damuni mwake ilipanda kidogo tu ukilinganisha na wengine. Uzeeni alizama kwenye sosholojia na ubishi, nako sitamfuata. Alifariki Februari 1942.

Hesabu yake bado iko kazini usiku huu. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini hutengeneza asidi nyingi hadi bikaboneti inaisha, na utamkuta anavuta pumzi ndefu za haraka, mapafu yakijaribu kuokoa jahazi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kupewa chupa ya maji. Daktari atatoa damu kwenye ateri, mashine itapima pH na kaboni dioksidi, na kiasi cha bikaboneti kitapigwa kwa hesabu ya 1908.

Kuhusu yale maji, yakifika tumboni yanakutana na asidi kali zaidi, na alkali yoyote inayopenya hutolewa kwa mkojo. Yule jamaa alimaliza chupa yake, akapanda mashine ya kukimbia, na dakika kumi baadaye alikuwa anahema, akitoa asidi bila malipo.