Ptolemy na Milima ya Mwezi

Sisi tuliokulia Bwera tuliijua Milima ya Mwezi kwa macho, asubuhi mawingu yakiondoka. Lakini aliyeiandika katika kitabu chake cha jiografia hakufika huku kamwe. Huyo ni Claudius Ptolemy, aliyekaa Aleksandria, nchi ya Misri. Alisema kwamba theluji ya milima hiyo huyapa maji maziwa ya mto Naili. Stanley alipoiona Ruwenzori mwaka 1888, hakuona shaka kuwa ndiyo.

Hata hivyo kazi yake kubwa ilikuwa nyota. Tarehe alizoziandika mwenyewe zaonyesha kuwa alizitazama tangu mwaka 127 hata 141. Akatunga vitabu 13, ambavyo Waarabu waliviita Almajisti, na humo akaorodhesha nyota zaidi ya 1,000. (Aliandika pia juu ya nuru na muziki, sijui alilala saa ngapi.)

Mirihi ndiyo iliyomsumbua. Sayari hiyo huenda mashariki kati ya nyota, husimama, hurudi nyuma majuma kadhaa, kisha huendelea. Ptolemy aliamini kwamba dunia imesimama katikati. Kwa hiyo alisema sayari huzunguka katika duara dogo, nalo huchukuliwa na duara kubwa. Akatengeneza majedwali, hata mtu aliweza kujumlisha tu akapata mahali pa sayari usiku wowote. Yalitumika zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1543 Copernicus aliliweka jua katikati, na mwaka 1609 Kepler akaonyesha kwamba njia ya Mirihi ni duara lililorefuka kidogo.

Juzi mjini Kasese niliwaonyesha vijana programu ya kompyuta ya mwendo wa sayari. Hiyo hupewa uzito, mahali na mwendo wa kila sayari. Hupiga hesabu ya mvutano, huzisogeza kidogo, kisha hupiga tena. Kijana mmoja akacheka. Ptolemy alikosea, akasema, basi ya nini kumsoma? Kwa kweli sikuwa na jibu tayari. Tukachora kando maduara mawili ya Ptolemy, tukayaendesha. Mirihi yake ikasogea, ikasimama, ikarudi nyuma, karibu sawasawa na ile ya programu.

Kijana akanyamaza. Halafu akaomba rula apime zilivyoachana.