Tukila Muthokoi, Tumkumbuke Muindi Mbingu

Mwanafunzi atokaye Kitui au Makueni, afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza, hufarijika anapokuta muthokoi katika kibanda cha chakula. Mahindi yaliyotwangwa hadi yakatoka maganda, yakapikwa pamoja na kunde au mbaazi, humrudishia kumbukumbu ya kinu cha mamaye. Akienda Kariokor huona vyondo vya mkonge. Akiingia soko kuu la jiji huona vinyago vya mafundi wa Kikamba. Basi hudhani ameshauona Ukamba wote uliomo mjini. Kumbe soko hilo liko katika Barabara ya Muindi Mbingu, na ni wachache mno wanaouliza mwenye jina hilo alikuwa nani.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa mwenyeji wa Ngelani, katika Wilaya ya Machakos. Zama hizo Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos. Haikuwa wilaya peke yake hadi mwaka 1992. Jina la Muindi lilivuma mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwapunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka, lakini ni kweli vilevile kwamba ardhi nzuri, mathalani Milima ya Mua, walikuwa wamepewa walowezi. Tena kiwanda cha nyama cha Liebig, kule Athi River, kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi.

Serikali ilihesabu vichwa vya mifugo. Mkamba alihesabu mambo mengine. Ng'ombe walikuwa mahari ya mwanawe, maziwa ya watoto, na akiba ya kiangazi katika nchi ambayo mvua yake haitabiriki. Kumnyang'anya ng'ombe kulikuwa ni kuvunja uhusiano wake na wakwe, majirani na kesho yake.

Muindi, akiongoza chama cha Ukamba Members Association, aliona kuwa malalamiko yakibaki vijijini yatapuuzwa. Mnamo Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, waliandamana hadi Nairobi wakitaka kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor, wakakaa wiki kadhaa bila kufanya fujo. Jina la mahali hapo, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hapo ndipo Ukamba ulipoketi mbele ya macho ya watawala, pamoja na jamaa zake na lugha yake.

Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu, mbali na watu wake. Hata hivyo, mwaka huo huo serikali iliacha kupunguza mifugo kwa lazima. Alirejea nyumbani katika miaka ya 1940, akauawa mwaka 1953, siku za Hali ya Hatari. Uhuru hakuuona. Baadaye barabara ya jiji ikapewa jina lake.

Tunaofundisha lugha tunajua kwamba jina likitengwa na kisa chake hubaki sauti tupu. Muthokoi umeingia Nairobi na jina lake la Kikamba, nao wanaoula wanajua walau umetoka wapi. Jina la Muindi hutajwa kila siku na makondakta, wachuuzi na wapita njia, lakini kisa chake kinasahaulika. Walimu wa Kitui na Makueni wanaowaleta wanafunzi kuzuru Nairobi wasiishie kuwaonyesha majumba marefu. Na wawapeleke Kariokor, kisha katika barabara ile, wawaeleze kwamba wazee wao walifika hapa kwa miguu, si kutafuta kazi wala chakula, bali kudai haki.