Andal: Binti wa koja la maua aliyeimba machungu ya mapenzi

JINA la Andal si geni kwa Watamili wa kusini mwa India. Ndiye mwanamke pekee miongoni mwa Alvar 12, watakatifu washairi waliomsifu mungu Vishnu kwa lugha ya Kitamili. Wataalamu wengi husema aliishi katika karne ya 8 au ya 9, mjini Srivilliputhur, katika jimbo la sasa la Tamil Nadu.

Kwa mujibu wa masimulizi, Periyalvar, mtunza bustani ya hekalu ambaye pia alikuwa mshairi, alimwokota akiwa mtoto mchanga chini ya mrehani. Akamlea na kumwita Kodhai. Kila siku mzee huyo alisuka koja la maua la kumvisha Vishnu, na kila siku binti alilivaa kwanza kwa siri, ajitazame iwapo anafaa kuwa mke wa mungu huyo. Alipofumaniwa, baba alihamaki, kwani koja lililokwisha kuvaliwa na binadamu ni najisi. Lakini inasimuliwa kwamba Vishnu alimjia mzee ndotoni, akamwarifu kuwa hataki koja jingine ila lile lililovaliwa na binti.

Alipofikia umri wa kuolewa, Kodhai alimkataa katakata mume yeyote wa kibinadamu. Hapo ndipo yalipoanza mateso aliyoyaimba.

Karne nyingi kabla yake, washairi wa Kitamili walikuwa wameyapangia mapenzi mandhari 5: milima kwa wapendanao kukutana, misitu kwa subira, mashamba kwa ugomvi, pwani kwa wasiwasi wa kungoja, na jangwa kwa kutengana. Wapenzi katika mashairi hayo hawakutajwa majina. Kodhai aliurithi utamaduni huo, lakini akalitia jina lake mwenyewe kwenye maumivu yake.

Alituacha na tungo 2. Katika Tiruppavai, yenye beti 30, wasichana wanaamshana alfajiri katika mwezi wa Margazhi, kati ya Desemba na Januari, waende kumwabudu mungu wao. Nachiyar Tirumoli, yenye beti 143, ndiyo kilio chenyewe. Binti amekonda hata bangili hazikai mkononi. Anayatuma mawingu, anamsihi ndege wa bustanini, na kulionea wivu kombe la bahari kwa kuwa hugusa midomo ya ampendaye. Mpenzi hajibu.

Masimulizi yanaeleza kwamba hatimaye alipambwa kama bi arusi, akapelekwa hekalu la Srirangam, kisiwani katika mto Kaveri. Huko aliisogelea sanamu ya Vishnu, akatoweka ndani yake. Baba aliyemlea akabaki bila mwana.

Hadi leo, Tiruppavai huimbwa mahekaluni kila Margazhi. Katika arusi za waumini wa Vishnu, huimbwa sehemu ya Nachiyar Tirumoli ambamo binti anamsimulia rafikiye ndoto ya kuolewa. Lakini beti za mateso makali, zinazoutaja mwili waziwazi, husikika kwa nadra mahali pa ibada.

Kwa hivyo, maharusi hubarikiwa kwa arusi ambayo mwenyewe aliiona usingizini tu. Jamii iliipokea ndoto yake kwa furaha, ikayafunika machozi yaliyoizaa. Anayetaka kumjua Andal kikamilifu hana budi kuzisoma beti zote 143.