Eddie Shore: Beki aliyezomewa ugenini, akaogopwa nyumbani

SHABIKI wa Rochester aliyefunga safari kwenda West Springfield, Marekani, kwenye fainali ya Kombe la Calder mwaka 1960, angeweza kukutana na kituko kabla hata mechi haijaanza. Jamaa anayemuuzia bisi pale mlangoni huenda alikuwa mchezaji wa timu ya nyumbani. Hajastaafu, hajaumia, mkataba anao. Kosa lake ni moja tu, hajaelewana na bosi.

Bosi mwenyewe alikuwa Eddie Shore. Wengi wa hao wageni walimjua tangu enzi zake uwanjani, kwa sababu hakuna beki aliyezomewa kwenye viwanja vya ugenini kama yeye.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, hoki ya barafu inachezwa na kipa mmoja na wachezaji watano kila upande. Wanateleza kwa viatu vyenye vyuma na kugombea kisahani cha raba kwa magongo. Kumgonga mpinzani kwa mwili ni halali, ndiyo maana beki wake lazima awe mtu wa shughuli.

Shore alizaliwa mwaka 1902 Fort Qu'Appelle, jimbo la Saskatchewan, Canada, akakulia kwenye shamba la mifugo. Alicheza Regina na Edmonton, na ligi ya kule magharibi ilipokufa mwaka 1926, Boston Bruins wakamchukua kwenda ligi kuu, NHL.

Hakupokelewa kwa maua. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo mazoezini aligongana na mwenzake, Billy Coutu, sikio likabaki linaning'inia. Madaktari kadhaa walitaka kulikata. Jamaa akazunguka mpaka akampata wa kulishona, akakataa ganzi, akaomba kioo aone kazi inavyokwenda.

Uwanjani alikuja na mambo mapya. Mabeki wengi wa wakati ule walikaa nyuma kulinda, yeye akawa anachukua kisahani golini kwake na kupanda nacho mpaka kwa wapinzani. Fikiria beki wa kati anayeanzisha shambulizi na kulimalizia mwenyewe, halafu njiani anaangusha watu wawili.

Januari 1929 Boston walikuwa na mechi Montreal dhidi ya Maroons. Shore akachelewa treni. Akapata gari na dereva, wakaingia barabarani usiku kukiwa na dhoruba ya theluji. Dereva alipoogopa, Shore akashika usukani mwenyewe. Alifika Montreal vidole vimekufa ganzi, akaingia uwanjani, Boston wakashinda 1-0. Mfungaji? Shore. Mwaka huohuo Boston wakabeba Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, na mwaka 1939 wakalibeba tena naye akiwamo. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi aliichukua mara nne, 1933, 1935, 1936 na 1938. Hakuna beki mwingine aliyefikisha idadi hiyo.

Lakini kuna usiku ambao haukumtoka maishani. Desemba 12, 1933, Boston walikuwa nyumbani wakicheza na Toronto Maple Leafs. Shore aliangushwa na mchezaji wa Toronto, refa akapeta. Akainuka na hasira zake, akamvaa kwa nyuma Ace Bailey, ambaye hata hakuhusika. Bailey akapigiza kichwa kwenye barafu, fuvu likapasuka. Red Horner wa Toronto akamlipizia mwenzake kwa ngumi moja, Shore naye akaenda chini akivuja damu.

Bailey alipasuliwa kichwa mara mbili na watu walishakata tamaa. Inasimuliwa kwamba baba yake alipanda treni kwenda Boston akiwa na bastola, akimtafuta Shore, mpaka watu wa Toronto walipomuwahi na kumrudisha nyumbani. Bailey akapona, ila soka lake, yaani hoki yake, likaishia pale. Shore akafungiwa mechi 16.

Februari 14, 1934, ikaandaliwa mechi ya kumchangia Bailey, Toronto dhidi ya nyota wa timu nyingine zote. Miongoni mwa nyota hao alikuwamo Shore. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mashabiki wapatao 14,000 wa timu uliyoiharibia, kwao, na mtu uliyetaka kumuua amesimama mbele yako amevaa koti na miwani. Bailey akanyoosha mkono, Shore akaupokea. Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Toronto walishinda 7-3, ila matokeo hayo hawakuyakumbuka wengi. Baada ya ajali ile Shore alikuwa miongoni mwa wachache waliocheza na kofia ngumu.

Mwaka 1939 alinunua Springfield Indians, timu ya ligi iliyo chini ya NHL. Huko ndiko upande wake mwingine ulipoonekana. Aliwafunga makipa kamba kwenye mwamba wa goli ili wasijirushe chini. Aliwachezesha wachezaji ngoma za kugonga visigino ili wapate mizani ya miguu. Waliomkera aliwaweka benchi, wakauza bisi na kubadilisha balbu za uwanja. Wachezaji wa ligi nzima waliomba Mungu wasiuzwe kwenda Springfield.

Na bado timu ilishinda! Iliwafunga Rochester mwaka 1960, Hershey mwaka 1961 na Buffalo mwaka 1962, makombe matatu mfululizo. Hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyowahi kufanya hivyo. Shabiki mgeni alirudi kwao na kipigo, akiwaonea wivu wenye timu. Asichokijua ni kwamba baadhi ya waliomfunga wangefurahi kupanda naye basi lilelile waondoke.

Msimu wa 1966-67 uvumilivu ukaisha. Shore aliwasimamisha wachezaji watatu, wenzao wakagoma kuingia uwanjani. Wakamwita mwanasheria wa Toronto, Alan Eagleson, na mzee akalazimika kuachia uendeshaji wa timu. Ushindi ule ukampa Eagleson jina, na mwaka 1967 wachezaji wa NHL wakaunda chama chao chini yake. Mtu aliyeamini mchezaji hana haki ya kufungua mdomo ndiye aliyewasaidia kupata chama, bila kutaka.

Shore alifariki Springfield Machi 16, 1985, akiwa na miaka 82. Boston hawampi mtu jezi namba 2 yake. Beki bora wa ligi ile ya chini, ligi ya wauza bisi wake, kila msimu anapewa tuzo yenye jina la Eddie Shore.