Toshisada Nishida na Sokwe wa Mahale

Bila shaka umepata kusikia habari za njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Waliporudi walibeba nguo na shanga. Baadaye ikajengwa Reli ya Kati. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Watu wengi walikuja huku magharibi kutafuta mali. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyekuja kutafuta maarifa. Jina lake ni Toshisada Nishida.

1. Alikotoka

Nishida alizaliwa nchini Japani mwaka 1941. Alisoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Huko alifundishwa kazi na wataalamu wawili mashuhuri, Kinji Imanishi na Junichiro Itani.

Wataalamu hao walikuwa wamechunguza kima wa Japani tangu mwaka 1948. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza, lakini ngumu kuifuata. Kila mnyama walimtambua kwa sura yake na kumpa jina. Kisha waliandika matendo yake siku hata siku, mwaka hata mwaka. Mwaka 1958 wataalamu hao walifika Afrika. Mwaka 1961 walianza kutafuta sokwe katika nchi ya Kigoma. Mwaka mmoja kabla yao, Mwingereza Jane Goodall alikuwa ameanza kazi kama hiyo Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma.

Kwa nini walimtafuta sokwe? Sokwe hana mkia kama kima. Katika wanyama wote, yeye na bonobo wa Kongo ndio walio karibu zaidi na mwanadamu. Sokwe wa porini wanaishi Afrika tu. Katika Tanzania, asili yao ni huku magharibi. Tena wako sokwe waishio katika misitu ya miombo ya Ugalla. Hapo si mbali na mkoa wa Tabora.

2. Miwa ya Kasoge

Mwaka 1965 Nishida alifika Kasoge. Alikuwa kijana wa miaka 24. Kasoge iko chini ya milima ya Mahale, kusini ya Kigoma, kando ya ziwa. Barabara haikuwapo. Watu walisafiri kwa mitumbwi na mashua. Wenyeji wa hapo walikuwa Watongwe. Walilima mihogo na mahindi, na kuvua samaki.

Sokwe walimwogopa Nishida. Walipomwona walikimbia. Mtu hawezi kujifunza tabia za mnyama anayemkimbia. Basi Nishida akawawekea miwa. Alingoja kwa subira. Mwaka 1966 sokwe walianza kuja kula miwa, na polepole wakamzoea.

Lakini miwa peke yake isingetosha. Watongwe ndio waliomwonyesha njia za msituni. Walijua nyayo, vinyesi na sauti za wanyama. Walijua mti gani unazaa mwezi gani. Nishida alijifunza kutoka kwao, naye akaandika katika daftari.

Baadaye watafiti waliona kwamba si vema kuzoesha wanyama wa porini chakula cha binadamu. Mwaka 1987 kazi ya kuwapa miwa ilikomeshwa kabisa. Tangu hapo watafiti huwafuata sokwe msituni kwa miguu.

3. Aliyoyagundua

Hapo zamani wataalamu wengi walidhani kwamba sokwe hawana makundi ya kudumu. Waliwaona leo watatu, kesho kumi, kesho kutwa mmoja. Nishida aliwatambua mmoja mmoja, akaandika nani yuko na nani. Akagundua kwamba kila sokwe ana kundi lake, na kila kundi lina eneo lake. Mwaka 1968 alitangaza habari hizo.

Pale Kasoge aliyafuata makundi mawili. Aliyaita kundi la K na kundi la M. Yeye na wenzake waligundua pia kwamba dume hubaki katika kundi alilozaliwa. Jike akivunja ungo, kwa kawaida huhama na kwenda kundi jingine.

Majirani hao hawakupatana. Kundi la M lilikuwa kubwa, na kundi la K lilikuwa dogo. Kuanzia miaka ya 1970 madume wazima wa kundi la K walitoweka mmoja baada ya mwingine. Watafiti waliona dalili kwamba baadhi yao waliuawa na madume wa kundi la M. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la K lilikuwa karibu limekwisha. Majike wengi walihamia kundi la M.

Tena sokwe wana desturi, kama watu wa nchi mbalimbali. Sokwe wa Gombe hula machikichi. Mahale pia kuna michikichi, lakini sokwe wa huko hawali machikichi. Sokwe wa kundi la M huingiza kijiti katika tundu la mti na kuvua sisimizi wa miti. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

4. Maarifa ya wazee yaliyoandikwa

Ndugu msomaji, sehemu hii inatuhusu sana sisi tuliojifunza kusoma na kuandika.

Watongwe walijua majina na matumizi ya mimea mingi. Lakini maarifa hayo yalikaa vichwani mwa wazee. Mzee akifariki, hufariki nayo. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Majina hayo sasa yamehifadhiwa.

Mwaka 1983 Nishida na Richard Wrangham waliandika habari ya ajabu. Sokwe humeza majani fulani bila kuyatafuna. Ilionekana kwamba hawayali kwa njaa. Je, ilikuwa dawa?

Mwaka 1987 ilipatikana dalili nyingine. Mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua dawa za miti. Walimwona jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu. Alivunja tawi la mti mchungu, akamenya ganda, akatafuna na kufyonza maji yake. Kesho yake alianza kupata nafuu. Seifu aliujua mti huo. Watongwe huutumia kutibu tumbo na homa. Habari hiyo ilichapishwa, na majina ya wote wawili yaliwekwa kama waandishi. Leo wataalamu wa nchi nyingi wanaijua.

5. Hifadhi na gharama yake

Nishida aliona kwamba sokwe hawatasalimika bila ulinzi. Yeye na wenzake walishirikiana na Serikali ya Tanzania kutafuta ulinzi huo. Mwaka 1985 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,613.

Lakini tuseme kweli: ulinzi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1974, wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, Watongwe wa Kasoge walihamishwa. Hifadhi ilipoanzishwa, hawakuweza tena kurudi kukaa. Mashamba yao ya zamani yamekuwa msitu. Watu waliomfundisha mgeni njia za mlima ndio walioondoka mlimani. Basi ni haki wananchi waishio kando ya hifadhi wapate faida yake: kazi, shule na zahanati. Mwananchi asiyeona faida ya msitu hatakuwa na moyo wa kuulinda.

Mwaka 1994 Nishida na wenzake walianzisha chama cha kuhifadhi wanyama wa Mahale. Alipokuwa mzee alizunguka nchi nyingi akiwatetea sokwe. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Leakey kwa kazi yake.

Hatari haijaisha. Mwaka 2006 ugonjwa kama mafua uliingia katika kundi la M, na sokwe kadhaa walikufa. Maradhi ya binadamu humwambukiza sokwe kwa urahisi. Kwa hiyo mgeni hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa mbali nao. Mtu mwenye mafua hapaswi kuwaendea.

6. Mwisho wa maisha yake

Nishida alifariki tarehe 7 Juni, 2011. Alikuwa na umri wa miaka 70. Aliacha kitabu kuhusu sokwe wa Mahale, kikatolewa mwaka 2012. Kazi aliyoianza mwaka 1965 inaendelea.

Ndugu msomaji, kazi hiyo kubwa ilianza na daftari, kalamu, subira, na wenyeji waliokubali kufundisha. Sisi wa Tabora tuna misitu ya miombo. Tunaikata kwa kuni za kukausha tumbaku na kwa mkaa. Kila mwaka moto huichoma. Wazee wetu wanaijua miti hiyo kwa majina na kwa dawa zake. Sasa unajua kuandika. Nenda kwa mzee mmoja kijijini, ukaandike majina ya miti kumi na kazi zake.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Nishida aliwawekea sokwe miwa? Kwa nini jambo hilo lilikomeshwa?
2. Watongwe walimsaidia Nishida kwa njia gani?
3. Watongwe wa Kasoge walipoteza nini? Je, wananchi walio kando ya hifadhi wapate nini?
4. Katika kijiji chenu, ni miti gani imeanza kutoweka? Mtafanya nini?