Lincoln na Mawazo ya Wale Aliowashinda

Kila chama kinapokwisha kufanya uchaguzi wake wa ndani, na mmoja katika wanachama akapata ushindi wa kusimama kwa niaba ya wote, huzuka swali ambalo twaona halipewi uzito unaostahili. Wagombea walioshindwa hawakugombea kwa majina na sura zao tu. Walikuwa na mawazo yao juu ya namna ya kuiongoza nchi, na nyuma ya mawazo hayo walikuwako wanachama waliowapigia kura. Je, mshindi ayatupe mawazo hayo pamoja na karatasi za kura, ama ayachukue na kuyatumia? Wako wasemao kwamba kuyachukua ni kuwasaliti waliomchagua, kwa kuwa kama wangaliyataka wangalimchagua yule mwingine. Wako na wengine wasemao kuwa mshindi hana budi kuyameza yote ili umoja udumu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Badala ya kubishana kwa maneno matupu, tumeona heri tuwakumbushe wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyekabiliwa na swali hili wakati taifa lake lilipokuwa likipasuka, na uhuru wa watu karibu milioni 4 ukiwa mashakani. Mtu huyo ni Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka tisa. Siku zote alizokaa darasani, zikijumlishwa, hazikutimia mwaka mmoja. Maisha yake ya ujana yalikuwa ya kazi ya mikono: alilima, alikata miti, alipasua magogo ya kujengea nyua, alisafirisha bidhaa kwa mashua mtoni mpaka New Orleans, akauza duka, akawa bwana posta na mpima ardhi. Sheria alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na mwaka wa 1836 akapata ruhusa ya kuwa wakili katika jimbo la Illinois. Mtu wa namna hii hakulelewa kudhani kwamba akili zote ziko kichwani mwake.

Kabla ya kuwa mshindi, Lincoln alionja kushindwa. Mwaka wa 1855 Bunge la Illinois lilikutana kumchagua Seneta. Katika kura ya kwanza Lincoln aliwatangulia wote, naye Lyman Trumbull alipata kura chache mno. Lakini kura zikarudiwa tena na tena, na Lincoln akaona kwamba kiti kilikuwa karibu kuchukuliwa na upande wa wale walioiunga mkono sheria ya mwaka wa 1854, sheria iliyoufungulia utumwa mlango wa kuenea katika nchi mpya za magharibi. Ndipo alipowaambia watu wake wampe Trumbull kura zao. Trumbull akashinda. Lincoln aliumia moyoni, walakini shabaha yake ilitimia. Norman Judd, mmoja wa wale waliokataa kumpigia kura mwaka huo, ndiye aliyesimama miaka mitano baadaye kulitaja jina lake katika mkutano mkuu wa chama.

Mkutano huo wa Chama cha Republican ulifanyika Chicago mwezi wa Mei 1860. Siku hizo haukuwako bado utaratibu wa wanachama kupiga kura majimboni ili kumteua mgombea. Wajumbe ndio waliokata shauri. William Seward, Seneta wa New York, alitegemewa na wengi kuwa mshindi, na katika kura ya kwanza alipata 173 na nusu. Lincoln alipata 102. Waliofuata ni Simon Cameron wa Pennsylvania, Salmon Chase wa Ohio na Edward Bates wa Missouri. Katika kura ya tatu Lincoln aliwapita wote. Yafaa tukumbuke sababu moja ya ushindi wake: wajumbe wengi waliwaogopa Seward na Chase kwa kuwa walijulikana kuwa wakali mno juu ya utumwa. Lincoln alitaka utumwa usienee, lakini hakuahidi kuung'oa pale ulipokuwapo. Alichaguliwa, basi, kwa sehemu fulani, kwa sababu hakusema yale waliyoyasema wapinzani wake.

Baada ya kushinda uchaguzi wa nchi tarehe 6 Novemba 1860, Lincoln aliwaita hao wote wanne katika Serikali yake. Seward akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Chase Waziri wa Fedha, Cameron Waziri wa Vita, na Bates Mwanasheria Mkuu. Kabla hajaapishwa, majimbo saba ya Kusini yalikuwa yamekwisha kujitenga. Lincoln alimpa Seward hotuba yake ya kuapishwa aisome. Seward akashauri maneno makali yapunguzwe na mwisho wake uwe wa kutafuta mapatano. Lincoln akakubali mengi katika hayo, ila mwisho aliuandika upya kwa lugha yake mwenyewe.

Lakini tusidhani kwamba alikubali kila neno. Tarehe 1 Aprili 1861 Seward alimwandikia waraka akilalamika kuwa Serikali haina siasa thabiti. Alishauri Marekani itafute ugomvi na mataifa ya Ulaya ili watu wa Kaskazini na Kusini wasahau ugomvi wao, na akadokeza kwamba yeye mwenyewe yu tayari kuushika usukani. Lincoln aliukataa waraka huo. Msimamo wake ulikuwa kwamba lolote litakalofanywa, Rais ndiye wa kulifanya. Hata hivyo hakuutangaza waraka wala hakumfedhehesha mwenziwe. Tangu hapo Seward alimtumikia kwa uaminifu mpaka mwisho.

Faida ya kumbakiza mtu huyo ilionekana Julai 1862. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na Lincoln akawaeleza mawaziri wake kwamba amekata shauri kuwatangazia uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Seward hakulipinga jambo lenyewe. Alishauri lingojee ushindi vitani, lisije likaonekana kuwa kilio cha Serikali iliyokwisha kushindwa. Lincoln akauona ukweli wa shauri hilo, akaiweka karatasi yake. Baada ya mapigano ya Antietam ya tarehe 17 Septemba alitoa ilani, na tarehe 1 Januari 1863 tangazo la uhuru likaanza kufanya kazi.

Habari ya Cameron ina fundisho lingine. Desemba 1861 aliandika katika taarifa ya wizara yake kwamba watumwa wapewe silaha wapigane, akaisambaza kabla Rais hajaikubali. Lincoln aliamuru irudishwe, kwa kuwa aliyaogopa majimbo ya mpakani yenye watumwa ambayo yalikuwa bado hayajajitenga. Mwezi uliofuata Cameron, ambaye wizara yake ililaumiwa sana kwa mambo ya ununuzi, aliondolewa na kupelekwa kuwa mwakilishi wa nchi yake huko Urusi. Lakini wazo lenyewe halikuondoka pamoja naye. Tangazo la 1863 liliwafungulia watu weusi mlango wa jeshi, na hata vita vilipokwisha walikuwa wamejiunga kiasi cha askari 180,000. Bunge lilipomlaumu Cameron kwa matumizi ya mwanzo wa vita, Lincoln aliliandikia kwamba lawama si ya waziri huyo peke yake. Na yeye na mawaziri wengine walishiriki. Huku ndiko kulitenga wazo na mtu: makosa ya msemaji hayakulifanya wazo lake kuwa baya, na wema wa wazo haukumfanya msemaji afae kushika wizara.

Chase ndiye aliyemsumbua kuliko wote. Alikuwa wakili aliyewatetea watumwa waliotoroka, na msimamo wake juu ya utumwa ulikuwa mkali kuliko wa Lincoln. Alipokuwa Waziri wa Fedha alileta mpango wa benki za taifa, na Lincoln akauunga mkono mpaka ukawa sheria mwaka wa 1863. Lakini mwanzoni mwa 1864 marafiki wa Chase walifanya mipango ya siri ili yeye achukue nafasi ya Lincoln katika uchaguzi uliokuwa ukija. Hatusemi basi kwamba kumkaribisha uliyemshinda hakuna hatari. Iko. Lincoln alimvumilia, na Juni mwaka huo alikubali barua yake ya kujiuzulu. Miezi sita baadaye alimteua kuwa Jaji Mkuu, kwa kuwa aliamini ataulinda uhuru wa waliokuwa watumwa.

Mwaka huo huo wa 1864, tarehe 31 Mei, kundi lililomchoka Lincoln lilikutana Cleveland na kumsimamisha John Frémont, ambaye alikuwa mgombea wa chama mwaka wa 1856. Kundi hilo lilidai utumwa ufutwe kwa kubadili Katiba. Wazo hilo halikuwa la Frémont peke yake. Seneti ilikuwa imelipitisha mwezi wa Aprili. Lincoln angaliweza kulikwepa kwa kuwa sasa lilikuwa bendera ya wapinzani wake. Badala yake alitaka liwemo katika ilani ya chama, na mkutano mkuu wa Baltimore ulipokutana wiki moja baadaye ukalikubali. Wananchi wakapiga kura Novemba wakijua wazi mgombea amesimamia nini, naye Lincoln akashinda. Septemba, kabla ya kura hizo, Frémont alikuwa amekwisha kujitoa.

Hapa ndipo lilipo jibu letu kwa wale wanaolia usaliti. Lincoln wa 1864 alisimamia jambo ambalo Lincoln wa 1860 hakuliahidi, na ambalo lilikuwa karibu zaidi na msimamo wa wale aliowashinda Chicago. Walakini hakulipenyeza gizani. Alilipima kwa haja ya taifa lililokuwa vitani, akakata shauri mwenyewe na kuichukua lawama yake, kisha akalirudisha mbele ya chama na mbele ya wapiga kura walikubali au walikatae. Mshindi afanyaye hivyo hamsaliti mtu. Anayesaliti ni yule anayelichukua wazo la mwenziwe kwa siri ili kununua kura, au anayelikataa wazo jema kwa sababu tu ya kinywa kilicholisema.

Wazee wetu walisema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kura za chama humchagua mtu wa kubeba bendera. Hazitoi hukumu kwamba wengine wote ni wapumbavu. Wazo likishatolewa mbele ya wanachama ni mali ya chama, na mshindi ni mtunzaji wake. Naye aliyeshindwa yampasa ajue kwamba kukubaliwa kwa wazo lake si ruhusa ya kuushika usukani, kama Seward alivyofundishwa mapema.

Baraza la Wawakilishi liliyapitisha mabadiliko ya Katiba tarehe 31 Januari 1865, na Seward alikuwa mmoja wa waliohangaika sana kutafuta kura. Lincoln hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili, akafariki asubuhi yake. Usiku ule ule muuaji mwingine alimvamia Seward kitandani na kumjeruhi vibaya, lakini akapona. Tarehe 18 Desemba 1865, majimbo ya kutosha yalipokwisha kukubali, aliyetia sahihi hati ya kuthibitisha kwamba utumwa umefutwa katika Katiba ya Marekani alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, William Seward, yule yule aliyeshindwa Chicago.