Gregor Mendel: padri aliyeshindwa na wodi, akawaachia wauguzi hesabu

Muuguzi wa Dilala au Manika, mjini Kolwezi, anayewaeleza wazazi ugonjwa wa SS, yaani drepanositozi, anatumia hesabu ya mtu ambaye mwenyewe hakuweza kukaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Mtu huyo ni Gregor Mendel.

Alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima, kijiji cha Hynčice, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki. Pesa za masomo zilipokosekana, dada yake mdogo Theresia alitoa sehemu ya mahari yake, mali ambayo kwao wakati ule binti alikuwa akipewa na wazazi anapoolewa. Mendel hakusahau. Baadaye aliwasaidia watoto wa Theresia kusoma, na wawili wakawa waganga.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waaugustino mjini Brno. Alipopata upadri, alipewa kazi ya kutembelea wagonjwa hospitalini. Mateso aliyoyaona yalimlemea mpaka naye akaugua. Abate wake, Cyrill Napp, alimtoa huko, na mwaka 1849 akamtuma kufundisha shule. Mwaka uliofuata Mendel akafeli mtihani wa ualimu. Napp hakumkatia tamaa, akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna.

Tangu 1856, katika bustani ya monasteri, alipanda njegere, karibu mimea 28,000 kwa miaka minane, akihesabu kila kitu. Alipochanganya aina ya mbegu za mviringo na aina ya mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo tu. Katika kizazi cha pili mikunjo ikarudi: mbegu 1,850, na za mviringo 5,474, karibu moja kwa tatu. Akaelewa kwamba kila mzazi anatoa sehemu yake, na kwamba sifa inaweza kujificha kwa mzazi ikatokea kwa mtoto.

Alisoma kazi hiyo mbele ya wataalamu wa Brno mwaka 1865. Karibu hakuna aliyeijali. Mwaka 1868 akawa abate, na miaka yake ya mwisho ilipita katika ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Ni mwaka 1900 tu ndipo wataalamu wa mimea walipoifufua sheria yake.

Ikabaki damu. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe za damu zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 James Neel, huko Marekani, na E. A. Beet, mganga aliyewahi kufanya kazi Balovale, katika Zambia ya leo, nchi ya Waluvale na Walunda, ndugu za Walunda wa Kapanga na Sandoa, walionyesha kila mmoja kwa upande wake kwamba ugonjwa huo unafuata hesabu ya njegere: mtoto ameupokea kwa baba na kwa mama pia.

Hapo ndipo somo hili linagusa nyumba za watu. Mara nyingi mama peke yake ndiye analaumiwa, au bibi anaitwa mlozi. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anachukua karatasi na kuonyesha kwamba baba na mama, wote AS, wote wazima, wamechangia sawa. Anasahihisha pia kosa lingine, la kudhani kwamba mtoto mmoja akizaliwa na SS, watatu wanaofuata wameokoka. Sivyo. Kwa wazazi hao, kila mimba ina nafasi ileile: moja kwa nne SS, mbili kwa nne AS, moja kwa nne AA.